Msikilizaji Wetu kutoka Lupiro

Ujumbe wa Kosmas ulinikuta kazini mwezi uliopita, nikipanga vitabu vilivyorudishwa kwenye maktaba ya shule ninayoitunza hapa Morogoro. Aliandika, "Dada Editha, Mama ametutoka alfajiri. Tunamzika kesho saa tisa, nyumbani Lumemo." Niliusoma mara tatu, nikaweka simu mezani, kisha nikafanya jambo ambalo nalisema kwa aibu: nikaanza kutafuta udhuru. Nikafikiria mitihani ya muhula, nikafikiria goti langu, nikafikiria kutuma rambirambi kwa simu na kunyamaza. Mama Kosmas hakuwa mama yangu wala ndugu yangu. Nilipanga chumba kwake mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini, na wapangaji huhama bila kuitwa misibani miaka ishirini baadaye. Lakini yeye hakuwahi kuniacha. Kila Krismasi alinipigia, akaniuliza kama nimekula, akaniambia mchele wa mwaka huu umetoka vizuri au umeharibiwa na maji. Kila mara nilimjibu kwa sauti ya uchangamfu, na kila mara nikishakata simu nilikaa kwanza kitambo kabla ya kurudi kwenye shughuli zangu. Nikapanda basi la asubuhi.

Nyumba ile ya Lumemo, pembeni mwa mji wa Ifakara, ilikuwa na vyumba vinne chini ya paa moja la bati, bila silingibodi, kuta zikiishia juu kidogo ya milango. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimwambia afya. Changu kilikuwa cha mwisho: kitanda cha mbao, kigoda, na dirisha la wavu lililotazama uani, hatua tano kutoka kwenye chanja cha kubanikia samaki. Moshi uliingia na kukaa. Nguo zangu zilinuka kambale mpaka kanisani, na sikujali, kwa sababu nusu ya watu wa Ifakara walinuka hivyohivyo. Mama Kosmas alikuwa Mndamba, mwenyeji wa bonde la Kilombero, mfupi, mpana, mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi wa kugawa chakula. Sikumbuki siku niliyopika. Nilikuwa nikirudi nakuta sahani yangu imefunikwa juu ya kigoda: wali wa mchele mpya unaonukia hadi mlangoni, kipande cha kambale kilichoungwa kwa karanga, na matembele. "Kula, msomi," alikuwa akisema kutoka uani bila kugeuka. "Maneno hayashibishi." Chumba cha pili aliishi mwanawe Kosmas, fundi baiskeli, kijana mpole aliyezoea kungoja mama yake amalize kuongea, pamoja na mkewe Kabula. Kabula alikuwa Msukuma. Wazazi wake walikuja bondeni na ng'ombe wao wakatua Lupiro, ng'ambo ya mto, na huko ndiko Kosmas alikompata, alipokwenda kutengeneza baiskeli ya kaka wa msichana huyo akakaa siku tatu kwa kazi ya saa moja. Kabula alikuwa wa rika langu. Tulisukana nywele barazani, tukasimuliana mambo ambayo wasichana husimuliana, na kwa mwaka ule hakuna mtu niliyecheka naye kuliko yeye.

Kazi yangu ilikuwa kwenye redio ndogo ya mjini, na nilikuwa na kiburi nayo kuliko ilivyostahili. Sikutangaza. Niliandika karatasi. Kila asubuhi saa moja, baada ya habari, mtangazaji wetu Rajabu alisoma kipindi kifupi kinachoitwa Je, Wajua?, mambo matano ya kushangaza, na mambo hayo niliyatafuta mimi. Chanzo changu kilikuwa kitabu kimoja kikubwa cha maarifa, cha Kiingereza, ambacho mgeni fulani aliiachia redio, kikiwa kimekatika kurasa nyingi za mwisho. Nilikisoma kama wengine wanavyosoma barua za wapenzi wao. Nilijua kwamba pweza ana mioyo mitatu. Nilijua kwamba shingo ya twiga ina mifupa saba, sawasawa na yako, kwamba jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake, kwamba kipepeo huonja kwa miguu. Nilijua kwamba kwenye sayari ya Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka mzima, na kwamba vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa hapa kwetu, Zanzibar, vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Nilijua kwamba sinema za kwanza zilikuwa bubu, na mtu alikaa pembeni akipiga kinanda ili watu wasisikie kimya. Hata leo nikiingia kwenye chumba chenye watu nisiowajua, kitu cha kwanza kinachonijia mdomoni ni jambo la namna hiyo. Ni ugonjwa, na ulianzia pale.

Wasikilizaji nao waliombwa kutuma mambo yao kwa meseji. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika, lakini za kuhesabika, na meseji zilizoingia kwenye simu ya redio, niliyoitunza mimi, nyingi ziliomba nyimbo. Rajabu alitaka kipindi kionekane kina watu. "Andika hata jina la mahali tu," aliniambia wiki ya kwanza, "watu wakisikia kwao wanatajwa wanafurahi." Basi nikawa naandika. Pweza nikampa msikilizaji wetu wa Mang'ula. Mbuni nikampa msikilizaji wetu wa Mlimba. Niliona ni mchezo usiomdhuru mtu, na nilihakikisha kila mji unapata zamu yake kwa wiki, ili wasije wakasema tunapendelea. Nilikuwa na daftari la zamu hizo. Nalitaja daftari hilo kwa sababu nilikuwa mwangalifu sana nalo.

Siku moja barazani nilimwambia Kabula habari ya mifupa ya twiga, naye akanitazama kwa huruma. "Na ng'ombe je?" akaniuliza. "Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Kitabu chako kimesema?" Nikamwambia hakikusema, na kama hakikusema basi nina shaka. Alicheka hadi akaachia msuko. Akanishika mkono, akanipeleka kwa jirani aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa, akamfunua yule mnyama mdomo kwa vidole viwili kama anayefungua mkoba. Juu mbele hapakuwa na jino hata moja, ufizi mgumu tu. Ikasomwa redioni kesho yake, safari hiyo bila mahali, nami nikamwambia Kabula kwamba ile ilikuwa yake. Alifurahi mno. Alikwenda kisimani akawaambia wenzake, "Lile la ng'ombe ni langu, nimelipeleka mimi redioni." Mama Kosmas akamtania jioni yote, akimwita mtangazaji. Hayo yalitokea mwezi wa saba, mwaka ukiwa bado mzuri.

Kitabu kiliisha mwezi wa tisa. Sikukiri. Nikaanza kurudia mambo nikibadilisha maneno, na asubuhi moja Rajabu alisoma kwa mara ya tatu habari ya pweza, akazima kipaza sauti, akanigeukia mbele ya fundi mitambo na vijana wawili wa matangazo. "Editha, huyu pweza wako amekuwa mpangaji humu. Watu wa hapa hawajamwona pweza hata mmoja. Nipe cha hapahapa bondeni, kitu ambacho mtu akisikia anaacha chai." Walicheka. Nilikuwa nimeshampa vya bondeni nilivyovijua: kwamba sheshe, yule swala mwekundu wa mbugani, wengi wa waliobaki duniani wako kwetu, na kwamba kuna ndege mdogo wa kusuka viota kwenye matete ambaye hapatikani popote isipokuwa kando ya Kilombero. Vilikuwa vimeshatumika. Nilitoka pale nikiwa na hasira, na hasira yangu haikuwa ya kuchekwa tu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mimi ndiye mtu anayejua, na sasa nilikuwa mtu aliyeishiwa.

Jumapili iliyofuata nilirudi mapema kutoka kwaya, kichwa kikiniuma, nikaingia chumbani kwa mlango wa uani nikajilaza. Hawakujua nimo. Kosmas alikuwa kazini. Upande wa pili wa ukuta, chumbani kwake, Mama Kosmas alikuwa akiongea na Kabula, na sauti yake ilikuwa tofauti, ya chini, bila utani. Alimwambia kwamba sasa amebeba mtu wao tumboni, kwa hiyo ni haki yake kuambiwa. Kisha akamweleza habari ya dimbwi. Lina jina, ambalo sitaliandika. Nilishalitaja mara moja na inatosha. Maji ya mafuriko yakirudi mtoni, madimbwi ya mbugani hukauka moja baada ya jingine, lakini hilo halikauki. Kambale huliendea. Usiku wa umande hutambaa juu ya majani, dimbwi hadi dimbwi, mpaka wakafika, na humo hukaa wale wazee, wa urefu wa mkono wa mtu mzima, kiangazi chote. Watu wa ukoo wa marehemu mumewe hawakutupa wavu humo wala ndoana mpaka mvua za kwanza, na hata zikinyesha walingoja maji yafungue njia, kwa sababu wale ndio mbegu, na mbuga yote huvuliwa kutokana nao. Kabula akauliza, "Nani analinda, Mama?" Mama Kosmas akamjibu, "Hakuna. Uzio wake ni mdomo. Wewe sasa ni mmoja wa wenye kuufunga."

Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka kwamba nilisitasita. Ningependa kuandika hapa kwamba nililala nikigeukageuka. Ukweli ni kwamba kichwa kiliacha kuuma. Nililala pale nikitazama bati, moyo ukinienda mbio kwa furaha, nikipanga sentensi. Wakati ule niliamini kwamba jambo la kweli halina mwenyewe, kwamba likishajulikana na mmoja ni la wote, na anayelitangaza anafanya hisani. Sijui nilitoa wapi falsafa hiyo. Nadhani ilinifaa tu. Jumatatu asubuhi Kabula alivuka mto kwenda Lupiro kuwapelekea wazazi wake habari njema ya mimba, na mimi nikaenda kazini nikaandika: Je, wajua kwamba kambale wa mbugani hutembea nchi kavu, na kwamba kiangazi wote hukusanyika kwenye dimbwi moja lisilokauka, lililopo mahali fulani, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli? Nikaandika jina la dimbwi na njia yake, kwa sababu Rajabu alipenda mambo yawe na anwani. Kisha nikafungua daftari langu la zamu. Malinyi ilikuwa imeshapata wiki ile, Mlimba pia. Nikaandika: ametuletea msikilizaji wetu kutoka Lupiro. Jumatano saa moja Rajabu alilisoma kwa ile sauti yake nzito, akazima kipaza sauti, akapiga meza. "Hiki ndicho nilichokuwa nataka," akaniambia. Nilitembea kwenda nyumbani siku ile kama niliyefaulu mtihani.

Ijumaa samaki waliingia mjini. Waliletwa kwa baiskeli, ndani ya viroba, na watu ambao hawakuwa wavuvi: waliokuwa na vyandarua walikwenda na vyandarua, waliokuwa na ndoo walikwenda na ndoo. Jumamosi walikuwa wengi zaidi, na Jumapili sokoni kambale aliuzwa kwa bei ya dagaa. Mama Kosmas alikwenda sokoni na beseni lake asubuhi, akarudi kabla ya saa nne beseni likiwa tupu. Hakuwasha moto kwenye chanja. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu imenyooshwa, na nilipomsalimia shikamoo hakuitika, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Baadaye nilimsikia akimwambia Kosmas, "Nimewaona, baba. Nimewaona wenyewe, wenye vichwa vipana hivi. Wale baba yako aliwakuta na akawaacha." Jioni kulikuwa na wali na mchicha. Sahani yangu ilikuwa imefunikwa kama kawaida, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kula.

Kikao kilikuwa Jumanne, sebuleni, wakaja wanaume wanne wa ukoo wakiongozwa na Baba Mdogo Aloisi, mdogo wake marehemu. Mimi niliitwa katikati. Nilipita uani nikiwa nimeamua kusema. Nalisema hili si kwa kujitetea, maana uamuzi ule ulidumu kuanzia mlango wa chumba changu hadi mlango wa sebule. Kabula alikuwa amekaa mkekani, kanga imefunika kichwa. Kosmas alitazama viganja vyake.

"Binti," Baba Mdogo Aloisi akaniambia kwa upole, "wewe ndiye unayepokea meseji za redio?"

"Ndiyo, Baba."

"Hii habari ya dimbwi ilitoka kwa nani?"

Nikamtazama Mama Kosmas. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, na akanitikisia kichwa kidogo, kunitia moyo, kama mtu anavyomwambia mtoto wake sema, mama, usiogope. Alikuwa upande wangu.

"Ilitoka Lupiro, Baba," nikasema. "Jina hakuandika. Na namba hatuna tena, simu ikijaa meseji huwa tunazifuta."

Ilikuwa kweli kwamba simu zile zilijaa upesi na kwamba tulizifuta. Uongo wangu ulisimama juu ya kweli hiyo. Baba Mdogo akawageukia wenzake akahesabu kwa vidole, bila kupandisha sauti. Siri imekaa tangu enzi za babu zao. Mkwe ameambiwa Jumapili. Jumatatu amevuka kwenda kwao Lupiro, na kwao kuna kaka mwenye simu. Jumatano iko redioni. Na si mara ya kwanza, akaongeza, kwani hata lile la ng'ombe alijisifu mwenyewe kisimani kwamba amelipeleka yeye. Kabula aliinua kichwa. "Sijamwambia mtu," akasema. "Baba, naapa. Hata mama yangu mzazi sikumwambia." Akamtazama mumewe. Kosmas akafungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. Kabula hakunitazama mimi. Kwa nini anitazame, mimi nilikuwa nimeulizwa na nimejibu.

Waliamua arudi kwao kwanza, mpaka mambo yapoe. Sote tulijua maana ya hilo neno "kwanza". Na kwa kuwa Kosmas alijifungia ndani, na Mama Kosmas hakutaka kuonekana akimfukuza mwenye mimba, niliombwa mimi nimsindikize hadi kivukoni, kwa kuwa nilikuwa rafiki yake. Daraja halikuwapo bado. Nilimbebea begi lake na sufuria moja ambayo mama mkwe alimfungia dakika ya mwisho, ndani yake mna mchele. Tulikaa kwenye ukingo tukisubiri kivuko kigeuke, miongoni mwa baiskeli na magunia, na Kabula hakulia. Alikuwa na hasira ya mtu anayepanga kazi.

"Editha," akaniambia, "wote wamenitupia neno. Wewe tu hukunitupia."

Nilisogeza sufuria karibu na begi lake.

"Huyo mtu nitamtafuta. Lupiro si kubwa, na wenye simu wanahesabika. Nitamuuliza mmoja mmoja. Nikimpata nitamleta mpaka mbele ya Baba Mdogo aseme mwenyewe alipolitoa."

Nikamwambia, "Utampata tu." Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hayo maneno mawili nikiyakumbuka hadi leo, hata nikiwa peke yangu maktabani, hujikuta nimefunika uso. Kivuko kikaja, akapanda, akanipungia mkono.

Nilikaa Ifakara hadi mwaka wangu kwenye chumba kile ulipotimia. Nilijaza zile karatasi tano za kila asubuhi kwa mambo niliyokopa kwenye vitabu vya shule, na Rajabu akawa analalamika tena, lakini masikio yangu yalikuwa yameziba. Kosmas alivuka mto mara mbili kumfuata mkewe, na mara zote mbili akarudi peke yake. Kabula alimwambia hatarudi kama mshukiwa, atarudi siku atakapokuja na huyo mtu. Mafuriko yaliyofuata yalikuja kama kawaida, maji yakajaa mbuga yote, na wavuvi wakatupa nyavu wakavuta matope. Mama Kosmas aliacha kubanika samaki akaanza kuuza mchele. Nilihama na kuondoka na shuka mbili alizonipa zawadi. Watu hudhani aibu ni kama homa, inapanda kisha inashuka. Yangu imekuwa mpangaji asiyehama: siku nyingi kimya, hafungui hata mlango, halafu nasikia mwanafunzi akimwambia mwenzake "unajua kwamba..." na naye anaamka.

Nilifika Lumemo saa sita mchana. Turubai lilikuwa limefungwa uani, pale kilipokuwa chanja zamani, na wanaume walikuwa kwenye viti vya plastiki. Baba Mdogo Aloisi, kipofu sasa, alinishika kichwa akaniuliza mimi ni nani, na nilipomwambia akasema, "Ah, mtoto wetu wa redio." Kosmas alinikumbatia akalia begani pangu. Nikaenda nyuma kwa wanawake kutafuta kazi ya mikono, na mtu wa kwanza niliyemwona, amekaa kwenye mkeka pembeni, ungo mapajani, akichambua mchele, alikuwa Kabula. Alikuwa amenenepa, na miwani ilining'inia shingoni kwa kamba. Kijana mrefu aliyekuwa akipasua kuni karibu yake alikuwa na mabega ya Kosmas.

"Editha," akasema, kama tulioachana juzi, na akanisogezea nafasi. Nikakaa. Tukauliziana hali za nyumbani. Nikamwambia sikutegemea kumkuta.

"Sikuja kwa ajili yao. Yule mama alinilisha," akasema. "Na mwanangu alitaka kumzika bibi yake." Akapuliza makapi. "Unajua, dada, yule mtu sijampata mpaka leo."

"Mtu gani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Yule wa Lupiro. Niliuliza mwaka mzima nikiwa na tumbo, kisha na mtoto mgongoni. Kila mwenye simu. Wengine walinifukuza. Mwisho alibaki Maduhu tu, kaka yangu. Nilimbana mpaka akalia, mwanaume mzima, akaapa kwa ng'ombe zake. Sikumwamini. Niliona, nani mwingine? Labda niliropoka usingizini pale nyumbani akasikia, nilijiambia hivyo. Serikali ilipoamuru ng'ombe watoke bondeni akaondoka nao kwenda kusini. Alikuja kuniaga. Nikakaa ndani, nikamwambia mtoto amwambie sipo." Alisema hayo yote akiendelea kutoa mawe, moja moja, akiyatupa pembeni ya mkeka.

"Kabula," nikasema, "huyo mtu hayupo."

Hakuelewa. Nikamwambia basi, kwa sauti ndogo, mambo yote: Jumapili, ukuta, karatasi. Nilimwambia kwamba hakuna meseji iliyokuja. Mikono yake iliacha kutembea. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, kwa bidii, kama anayesoma maandishi madogo bila miwani.

"Na Lupiro ilitoka wapi?"

Nilitamani niwe na jibu kubwa. "Nilihitaji jina la mahali," nikasema. "Wiki ile nilikuwa nimeshatumia Malinyi na Mlimba."

"Ulikuwa umeshatumia Malinyi," akarudia.

Nikamwambia nitakwenda sasa hivi mbele, kwa Baba Mdogo, kwa Kosmas, niseme mbele ya watu wote. Akatikisa kichwa. "Hao wameshaoa na kuzikana. Utaenda baadaye ukitaka, mimi hawanisaidii kitu." Alijifuta mikono kwenye kanga, akatoa simu kifuani, akavaa miwani. "Namba ya Maduhu ninayo. Mwanangu alinitafutia, ina mwaka wa tatu humu. Sijawahi kuipiga." Alibonyeza, akasikiliza kama inaita, kisha akanipa. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Iliita muda mrefu. Kisha sauti ya mwanaume mzee kuliko nilivyotarajia ikasema, "Halo, nani mwenzangu?" Nyuma yake ndama alikuwa analia.

"Shikamoo kaka," nikasema. "Naitwa Editha. Hunifahamu. Nilikuwa nafanya kazi redioni Ifakara."

"Marahaba," akasema, akingoja.

Nikamwambia. Nilianzia Jumapili nikamalizia kivukoni, na pale nilipotaka kupunguza nilimtazama Kabula, nikaendelea. Nilipomaliza nilimsikia ndama tu.

"Kabula anajua?" akauliza.

"Anajua. Yupo hapa."

"Mpe simu."

Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mimi nikachukua ungo wake nikahama nao, nikaenda kukaa upande wa pili wa uwanja, nyuma ya masufuria, mbali kiasi cha kutoweza kusikia chochote walichoambiana, nikachambua mchele uliobaki.